Mdomo Umeshonwa, Maneno Je?

Picha huwa mbili. Katika ya kwanza kuna mtoto ambaye mdomo wake wa juu umepasuka mpaka puani. Ya pili ni mtoto yuleyule wiki kadhaa baadaye, mdomo umeshikana, anacheka. Kwa picha za namna hiyo mashirika yanayogharamia upasuaji wa mdomo sungura yamechangisha fedha kote duniani, na fedha zenyewe hazikwenda bure. Smile Train, iliyoanzishwa mwaka 1999, imeshalipia operesheni zaidi ya milioni moja, na nyingi zilifanywa na madaktari wa nchi husika, wanaobaki na wagonjwa wao baada ya operesheni. CCBRT jijini Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, CoRSU nchini Uganda: mzazi asiye na kitu anaweza kumpeleka mtoto huko akafanyiwa upasuaji kwa gharama ya wafadhili.

Ila picha haina sauti. Mtoto huyo akifika darasa la kwanza, mwalimu akamwambia asimame ataje jina lake, wenzake watasikia nini? Swali hilo haliulizwi mara nyingi, na majibu yake hayapendezi sana. Katika shughuli nzima ya mdomo sungura tumetazama kuliko tulivyosikiliza, na wanaolipa gharama ya upungufu huo ni watoto ambao sura zao zimeshatengenezwa.

Tuanze na jambo linalochanganywa kila siku. Jina "mdomo sungura" limefunika hali mbili zilizo tofauti. Mdomo wa juu huungana tumboni kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya ujauzito, kaakaa kati ya wiki ya 6 na ya 9. Akina mama wengi wakati huo ndio kwanza wanahesabu siku na kujiuliza kama wamepata mimba. Sehemu za uso zinazokua kutoka kulia na kushoto zisipokutana kwa wakati wake, mwanya hubaki. Unaweza kubaki kwenye mdomo peke yake, kwenye kaakaa peke yake, au kote kuwili, kuanzia puani hadi nyuma kabisa ya kinywa. Kwa wastani wa dunia hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 700 hadi 1,000 wanaozaliwa. Waasia huupata zaidi, watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango cha chini kidogo. Mpasuko wa mdomo huwapata zaidi wavulana, tena mara nyingi upande wa kushoto. Ule wa kaakaa peke yake huwapata zaidi wasichana.

Kwa upande wa usemi, tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Mtoto aliyepasuka mdomo tu, kaakaa lake likiwa zima, kwa kawaida huongea vizuri akishashonwa; labda "p" na "f" zitachelewa kidogo kunyooka. Mtoto aliyepasuka kaakaa ana safari nyingine kabisa. Kwa hiyo mpasuko unaowashtua majirani ndio wenye madhara madogo kwa maneno, na ule unaoharibu maneno umejificha ndani. Mtoto mwenye mpasuko wa kaakaa peke yake anazaliwa na sura nzuri, anafunikwa khanga, anaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku mbili baadaye mama anashangaa maziwa yanatokea puani na mtoto analia njaa tangu asubuhi. Hawezi kunyonya, kwa sababu kinywa kilicho wazi juu hakiwezi kuvuta. Anahitaji maziwa yaliyokamuliwa, kikombe na kijiko, na kulishwa akiwa ameinuliwa. Wako watoto wanaokufa kwa utapiamlo kwa kukosa maelekezo hayo tu, kabla hata ya kufika kwa daktari wa upasuaji.

Kuhusu chanzo sitakaa sana. Ni mchanganyiko wa urithi na mazingira: baadhi ya familia zina vinasaba vinavyoongeza uwezekano, na kuna mambo kama uvutaji wa sigara, kisukari cha mama kabla ya ujauzito, na baadhi ya dawa za kifafa. Mara nyingi daktari hawezi kumwonyesha mzazi sababu moja. Palipo na ukimya wa namna hiyo maneno ya mtaani hayakosi nafasi: mama amerogwa, mama alimcheka mtu mwenye ulemavu, mama alitoka nje mwezi ulipopatwa. Angalia kwamba kila tuhuma huanza na mama. Hakuna hata moja iliyo na ukweli, na mzigo huo humfanya amfiche mtoto katika miezi ambayo kila wiki ina thamani.

Sasa tuingie kinywani. Tamka "papa", kisha "mama". Katika maneno yote mawili midomo inafunga na kuachia. Kinachotofautisha kiko nyuma, mahali usipopaona. Unapotamka "p", kaakaa laini, yaani ile sehemu ya nyuma isiyo na mfupa ambayo mwisho wake kinaning'inia kimeo, huinuka na kugusa ukuta wa koo. Njia ya puani inazibwa, hewa inajaa mdomoni, midomo inaachia, mlio unapasuka. Unapotamka "m", kaakaa laini hushuka na hewa kupitia puani. Ni mlango unaofunguka na kujifunga mara nyingi katika sentensi moja, na hatujui kama tunao mpaka tumkute asiye nao.

Kiswahili kina sauti chache zinazotaka mlango huo uwe wazi: "m", "n", "ny" na "ng'". Hizo ndizo ving'ong'o vya darasani. Nyingine zote, vipasuo, vikwamizi na irabu zote tano, zinataka uwe umefungwa. Mtoto ambaye kaakaa lake limepasuka, au limeshonwa likabaki fupi lisifike kwenye ukuta wa koo, anaishi mlango ukiwa wazi saa zote. Yanayofuata hapo yanatofautiana, na ni vizuri kuyatenganisha maana tiba zake si moja.

La kwanza ni sauti kupitia puani wakati wa irabu. Kiswahili hakina irabu za puani zinazobadilisha maana, kama Kifaransa kilivyo nazo, kwa hiyo neno linaeleweka, ila msikilizaji anasikia king'ong'o. Irabu "i" na "u" huumia kuliko "a". Mtoto akisema "hata" huenda usigundue kitu. Akisema "vitu", unageuka kumtazama.

La pili ni konsonanti kupoteza nguvu, na hapa lugha yetu haina huruma. "B" ikivujia puani inakuwa "m", "d" inakuwa "n", "g" inakuwa "ng'". Mtoto anamwita baba yake, watu wanasikia "mama". Kiswahili kimejaa maneno yenye "mb" na "nd", ambamo kaakaa laini linapaswa kushuka kwa king'ong'o na kupanda papo hapo kwa kipasuo. Likishindwa kupanda, "nyumba" inakuwa "nyuma", "chumba" inakuwa "chuma", "kamba" inakuwa "kama", "panda" inakuwa "pana", "nenda" inakuwa "nena". Nyumbani wanaelewa, kwa sababu wanajua anachozungumzia na wamemzoea. Mgeni haelewi, mwuza duka haelewi, na mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana muda wa kukisia. Vikwamizi navyo, "s", "z", "sh", "f", hubaki pumzi tu, au huandamana na mkoromo wa puani. Kwa wasemaji wa Mombasa na jirani zake, wanaotofautisha "paa" la nyumba na "paa" mnyama kwa mpumuo wa "p", kuna hasara ya ziada, maana mpumuo huo nao unahitaji hewa iliyolimbikizwa mdomoni.

La tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo hutokana na akili ya mtoto mwenyewe. Akiona hewa haikai mdomoni, anaitafuta mahali pengine pa kuikatiza, anapapata kooni, chini ya kaakaa, ambako uvujaji haumsumbui. Anakaba koo kwa ghafla pale ambapo wengine wanatumia midomo au ulimi. Kwa masikio yetu "paka", "pata", "kata", "taka" na "kaka" yote yanakuwa kitu kimoja: "a", mkato, "a". Kwake yeye yana tofauti, kichwani anajua anasema nini. Lakini koo ni moja na mkato ni uleule. Hii ni mazoea, kama lafudhi ilivyo mazoea, na hakuna kisu kinachokata mazoea. Mtoto anaweza kufanyiwa operesheni nzuri kabisa akiwa na miaka minne, kaakaa likafanya kazi sawasawa, na akaendelea kukaba koo kwa maisha yake yote, kwa kuwa hajafundishwa namna nyingine. Wazazi wanakata tamaa na kusema operesheni haikusaidia. Operesheni ilisaidia, somo ndilo halikutolewa.

Kabla ya kuendelea, kuna mkanganyiko unaoleta madhara ya kweli. Mtu mwenye mafua makali naye tunasema anaongea puani. Kumbe ana hali iliyo kinyume: pua imeziba, hewa haipiti pale inapotakiwa kupita, ndiyo maana "mama" yake inakaribia kuwa "baba". Watoto wengi wana pua iliyoziba kwa sababu ya zile zinazoitwa nyama za puani, zinazokua nyuma ya pua, na kuziondoa ni operesheni ya kawaida. Lakini kuna mpasuko wa kaakaa uliojificha: ngozi ya juu imeungana vizuri, misuli ya ndani haikuungana. Mtoto wa aina hii anaweza kuongea vizuri kiasi kwa sababu nyama za puani zinaziba pengo ambalo kaakaa halifiki. Ziondoe, na wiki hiyohiyo anaanza king'ong'o ambacho hakuwa nacho. Dalili ya kumtambua mapema mara nyingi ni kimeo kilichogawanyika sehemu mbili, pengine na mstari wa rangi ya samawati katikati ya kaakaa. Kuangalia ni kazi ya tochi na dakika moja.

Na hapa sina budi kuwataja wakata vimeo. Bado wako, mijini na vijijini, na mtoto anayekohoa sana au asiyenenepa hupelekwa kwao. Kutokwa damu na kuoza kidonda ni hatari zinazojulikana. Isiyotajwa ni kwamba kisu kikipanda juu kidogo kinakata kaakaa laini lenyewe, na kwa yule mwenye mpasuko uliojificha kinaondoa alama ambayo ingemwamsha daktari.

Kwamba kaakaa na usemi vinakwenda pamoja si ugunduzi wa leo. Mwaka 1819, mjini Paris, daktari Philibert Roux alishona kaakaa laini la kijana wa Kikanada, John Stephenson, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amezaliwa na mpasuko huo. Dawa ya usingizi ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. Kijana alikaa macho, kinywa wazi, sindano ikipita. Alipopona, sauti yake ilikuwa imebadilika. Mwaka uliofuata, huko Edinburgh, aliandika tasnifu yake ya shahada kuhusu upasuaji aliofanyiwa mwenyewe. Kisha akarudi Montreal, na mwaka 1823 akawa mmoja wa madaktari wanne walioanzisha shule ya udaktari iliyokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha McGill. Aliyekuwa haeleweki akawa mhadhiri.

Waliomfuata Roux walichukua zaidi ya karne moja kutambua kwamba kuziba tundu hakutoshi. Katika kaakaa lililopasuka, msuli unaoinua kaakaa laini haukai ulikopaswa: badala ya kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, unaelekea mbele na kujishikiza kwenye ukingo wa mfupa. Ukishona ngozi na kuuacha hapo, unapata kaakaa lisilo na tundu na lisiloinuka. Mjerumani Otto Kriens alilieleza hilo mwaka 1969. Tangu hapo wapasuaji makini huutoa msuli kwenye mfupa, huugeuza na kuunganisha pande zake mbili. Ndiyo sababu matokeo ya mtoto aliyeshonwa na mzoefu hutofautiana sana na ya yule aliyeshonwa na anayefanya operesheni ya kaakaa mara mbili kwa mwaka.

Umri nao una neno. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika vituo 23 vya Ulaya na Amerika ya Kusini. Watoto 558 waligawanywa kwa kura, baadhi wafanyiwe operesheni ya kaakaa wakiwa na miezi 6, wengine miezi 12. Walipopimwa wakiwa na miaka 5, walioonekana kuwa na kaakaa lisiloziba vya kutosha walikuwa asilimia 8.9 katika kundi la miezi 6 na asilimia 15.0 katika lile la miezi 12. Faida ya kuwahi ni ya kweli. Lakini nisingependa hospitali ya wilaya isome namba hizo na kukimbilia kumlaza mtoto wa miezi sita mwenye kilo nne. Watoto wa utafiti ule walikuwa na afya njema, na walipewa dawa ya usingizi na watu waliobobea kwa watoto wachanga. Kwetu mjadala uko mahali pengine: wapo wanaoletwa wana miaka mitano, saba, kumi na miwili. Miezi sita au kumi na miwili ni anasa ya wale waliofika mapema. Mpasuko wa mdomo unaweza kushonwa hata ukubwani ukapendeza. Kaakaa linaloshonwa baada ya lugha kukomaa huzuia chakula kutoka puani, ila usemi haunyooki kirahisi.

Masikio pia yasisahaulike. Misuli ya kaakaa hufungua mirija inayopitisha hewa kutoka kooni kwenda sikio la kati, na karibu kila mtoto mwenye kaakaa lililopasuka hupata majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Husikia, lakini kama aliye chini ya maji. Hivyo anajifunza lugha kwa kinywa kisichofunga na sikio lisilosikia vizuri, halafu akifika shule anaambiwa ni mzito wa akili. Mpasuko wenyewe, usipoambatana na tatizo lingine, haumfanyi mtoto kuwa mzito wa akili.

Turudi kwa somo ambalo halitolewi. Mwalimu wake ni mtaalamu wa tiba ya usemi, na Afrika Mashariki ilichelewa kuwasomesha: Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya fani hiyo mwaka 2008, ikiwa ya kwanza katika eneo letu. Kabla ya hapo karibu wote waliokuwapo walisomea ng'ambo au walikuwa wageni. Hadi leo nje ya miji mikubwa unaweza kuvuka wilaya kadhaa bila kumpata hata mmoja. Hata anapopatikana, nyenzo zake zinaweza kuwa zimetungwa kwa Kiingereza, wakati mtoto aliye mbele yake anahitaji kupimwa kwa sauti za lugha anayoongea nyumbani.

Bahati nzuri sehemu ya kazi hiyo haihitaji mitambo. Kupima uvujaji, mpe mtoto sentensi isiyo na king'ong'o hata kimoja, kwa mfano "Bibi alipika pilau". Aiseme mara moja kawaida, mara ya pili umebana pua yake taratibu. Sauti ikibadilika, hewa ilikuwa inapita puani. Au shika kioo kidogo chini ya pua akisema "papa, papa". Kikifanya ukungu, jibu umelipata. Kuondoa ukabaji wa koo, wataalamu hutumia "h". Mtoto anatoa pumzi ndefu ya "h", laini kama mnong'ono, na katikati yake anafunga midomo na kuiachia: inazaliwa "p". Koo haliwezi kukaba huku likipitisha "h". Kutoka hapo wanakwenda "pa", "pipi", sentensi, mazungumzo. Robo saa kila siku na mama au dada yake jikoni inafaa kuliko saa nzima hospitalini kila baada ya miezi mitatu.

Kuna la kuacha pia. Watoto wengi wameambiwa wapulize puto, filimbi na mirija "ili kaakaa lipate nguvu". Hakuna ushahidi kwamba kupuliza hunyoosha matamshi; kaakaa linapopuliza halifanyi kazi kama linapotamka. Vilevile, mtoto ambaye kaakaa lake ni fupi hata baada ya kushonwa hatalifikisha kwa mazoezi. Huyo anahitaji operesheni ya pili, inayochukua nyama ya ukuta wa koo na kupunguza pengo. Kumkalisha chini kila jioni arudie "p" ambayo mwili wake hauwezi kuitoa ni kumtesa. Wa kutofautisha mazoea na ufupi wa kaakaa ni mtaalamu, ndiyo maana kukosekana kwake kunauma.

Nikirudi kwa wafadhili na wizara, lawama yangu iko kwenye hesabu. Kinachohesabiwa ni operesheni: mwaka huu ngapi, kambi hii ngapi. Ripoti inayoandika ni wangapi, wakiwa na miaka mitano, wanaeleweka na mtu asiyewafahamu, ni adimu. Kisichohesabiwa hakipewi bajeti. Kama kila hospitali inayoshona kaakaa ingelazimika kumwita mtoto akifika miaka mitano, kurekodi sentensi kumi za Kiswahili na kuziweka kwenye faili lake, tungejua ndani ya miaka michache ni wapi kunashonwa vizuri na wapi mtaalamu wa usemi anahitajika kwanza. Gharama yake ni simu yenye kinasa sauti.

Kwa mkunga na mhudumu wa zahanati nina ombi dogo zaidi. Mtoto akishazaliwa, kabla hajafunikwa khanga, mfungue kinywa na umulike kwa tochi mpaka nyuma, ukione kimeo. Usitosheke kupapasa kwa kidole. Mpasuko wa kaakaa laini hukipita kidole kirahisi. Ukiuona, mwambie mama siku hiyohiyo jinsi ya kumlisha mtoto kwa kikombe, mwandikie barua ya rufaa, na mwambie waziwazi kwamba baada ya operesheni mtoto atahitaji kufundishwa kuongea.